Wanamlimia Yotham

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Nimeripoti kazini Dodoma, nimetoka Dar es Salaam kwa treni. Ofisi ni jengo la zamani la shirika la mazao lililovunjwa. Shirika limekufa, mradi wa takwimu umezaliwa, na viti ni vilevile, hata vile vilivyovunjika miguu.

Kompyuta ni moja tu, kubwa, imefungiwa peke yake kwenye chumba chenye kiyoyozi. Makarani wana skrini na kibodi zilizounganishwa nayo kwa waya. Kila mmoja anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anapiga fomu za mazao zinazotoka vijijini, halafu anatoka. Kazi yangu ni kumfungulia kila mtu akaunti, kuitunza na kuifunga siku akiondoka. Meneja, Bwana Batholomeo, amenikaribisha kwa kusema, "Elisante, wewe ndiye mlinzi wa geti." Nimemjibu kwamba mlinzi wa geti walau ana watu wa kupiga nao soga. Hakucheka. Nadhani huku sitachekesha sana.

Jumatano, 26 Novemba

Leo nimewakusanya makarani kuwafundisha habari ya neno la siri, ambalo wao wanaliita paswedi. Nilikuta wote wanatumia neno moja, "dodoma". Nimewaambia kila mtu achague lake, asimwambie mtu.

"Hata mume wangu?" akauliza Zipora, binti mcheshi wa Kikombo anayekaa karibu na mlango.

"Hata yeye."

Bi Kuluthumu alivua miwani. Huyu mama wa Kondoa alikuwa mpiga chapa wa shirika tangu enzi za stensili, na wenzake hawaamui jambo bila kumtazama usoni. "Mwanangu," akasema, "kwetu mtu mwenye neno asilotaka mwenzake alijue, huyo ana lake jambo."

"Ni usalama tu, mama."

"Na wewe? Maneno yetu yote utakuwa unayajua."

"Siyajui. Mashine inayasaga kabla ya kuyaweka. Mtu akisahau lake naweza kumwekea jingine, lakini kuliona lile la kwanza siwezi."

Walitazamana. Nikajua hawakuniamini hata kidogo. Mtu ashike funguo zote za nyumba halafu aseme hajui kilichomo vyumbani!

Kabla ya saa ya kutoka nilikuwa nimeshapewa jina. Naitwa Kiramani, kama wale malaika wanaokaa kulia na kushoto kwa mtu wakiandika matendo yake. Aliyelitunga ni Bi Kuluthumu, lakini Wakristo nao wamelipokea bila ubishi.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua kubwa. Umeme umekatika mara nyingi. Mashine imelala na kuamka kama mlevi.

Jumatano, 10 Desemba

Nikiingia chumba cha makarani, mazungumzo yanakatika. Si kwamba wananitukana. Wananisalimu vizuri, wananiuliza habari za asubuhi, kisha wanageukia skrini na kubofya kwa bidii ya uongo. Nikitoka, nasikia kicheko kinaanza tena. Nimewahi kusimama nyuma ya mlango nisikilize wanachekea nini, nikajionea aibu, nikaenda zangu kwenye kiyoyozi.

Wanakula pamoja kwa Mama Tabu, kibanda cha pili kutoka ofisini, ugali wa uwele na mlenda kwenye sinia moja. Sijaalikwa. Nami sikuzaliwa nikajua kujialika.

Nyumbani Area D nimejipikia makande, sufuria nzima, kwa mazoea ya kwetu Upare ambako hakuna anayepika makande ya mtu mmoja. Nitayala mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nilikwenda kanisani, nikakaa kwenye benchi la watu wa familia moja ambao walisogea kunipa nafasi na kuendelea na yao. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mahubiri hayakusikika. Nina upweke. Naandika hivyo hivyo, bila kuupamba.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Nimefumania jambo. Mashine huweka kumbukumbu ya kila anayeingia, saa aliyoingia na skrini aliyotumia. Leo nimezisoma zote. Akaunti ya karani mmoja, Yotham, inafunguliwa kila siku ya kazi, leo kwenye skrini hii, kesho kwenye ile. Yotham mwenyewe sijamwona tangu wiki ya pili ya Desemba.

Kuna mtu anaingia kwa jina lake. Nimeifunga akaunti papo hapo na kumwandikia Bwana Batholomeo taarifa. Nimejisikia mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye treni.

Jumanne, 6 Januari

Mimi ni mjinga. Nimesoma vyuo viwili, na mimi ni mjinga.

Asubuhi Zipora alinifuata chumba cha mashine. Hakuna karani aliyewahi kunifuata huko. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka Elisante, kwa nini umemfungia Yotham shamba?"

"Shamba gani?"

"Lile lililomo humu." Akaonyesha kompyuta kwa kidevu.

Akanieleza amesimama, hakutaka kiti. Mvua za Desemba ziliuangusha ukuta wa tembe ya Yotham kule Hombolo, ukamvunja mguu mahali pawili. Mikataba ya mradi haina likizo ya ugonjwa. Fomu zinahesabiwa kwa akaunti, na asiyefikisha kiwango mwisho wa Machi hasainiwi mkataba mpya. Na hospitali inayomtibu mguu inalipwa na mkataba huohuo.

"Sasa tukae tu tumtazame? Kila mtu akimaliza fomu zake, anaingia kwake Yotham anampigia chache. Tunamlimia."

Tunamlimia. Kwetu ni vilevile. Mtu akiugua mvua zikianza, inapigwa mbiu ya msaragambo, majirani wanaingia shambani kwake na majembe yao, wanapanda, wanapalilia, na mgonjwa akiinuka anakuta mahindi yamesimama. Baba yangu alilimiwa hivyo mwaka aliolazwa. Nami nilipowakuta watu katikati ya shamba la mgonjwa, nikapiga yowe la mwizi!

Nilimwambia Zipora kwamba sikujua. Akasema, "Si unaona kila kitu wewe?" akaondoka.

Nimeifungua tena akaunti ya Yotham papo hapo. Lakini taarifa ilishasomwa. Saa nane Bwana Batholomeo aliniita na kunipa amri mpya. Kila karani aje mwenyewe abadilishe neno lake mbele yangu, mwisho tarehe thelathini na moja. Asiyekuja, akaunti yake ifutwe. Na mtu akikosea neno mara tatu, mashine imfungie nje. Wafadhili wanakuja Aprili, anasema, na hataki waulize maswali asiyo na majibu yake. Si mtu mbaya. Ana hofu tu, kama sisi wote tulio kwenye mikataba.

Jumatano, 14 Januari

Makarani wamekuja mmoja mmoja kubadilisha maneno. Kila mmoja alikinga kibodi kwa mkono wa pili, kama mtu anayekula chake mbele ya watu. Ndivyo nilivyowafundisha.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua. Barabara ya Hombolo imekatika, magari hayapiti. Yotham hawezi kuja.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekwenda mimi.

Nilipata lifti ya lori la wachuuzi wa ng'ombe hadi kwenye korongo. Dereva akatazama maji, akazima injini, akajilaza. Tukavuka kwa miguu tukishikana mikono na watu nisiowajua, maji yakifika kiunoni, viatu nimevifunga shingoni. Ningekuwa mzima wa akili ningerudi.

Kwa Yotham nilipokelewa na mkewe, Yasinta. "Mbukwa!" akanisalimu kwa Kigogo, nami nikamjibu shikamoo, ingawa nadhani nimemzidi umri. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Sijui mara ya mwisho nilimchekesha mtu lini. Nilitamani kulikosea na jambo jingine.

Yotham alikuwa kitandani upande wa nyumba uliosalia, mguu umefungwa plasta kuanzia pajani. Ni mwembamba kuliko nilivyomkumbuka.

"Wewe ndiye Kiramani," akasema. "Umekuja na daftari la matendo yangu?"

"Nimekuja kukuomba neno."

Nikamweleza amri ya Bwana Batholomeo. Alisikiliza huku akikwaruza plasta kwa kijiti.

"Lile la zamani ni..."

"Usiniambie. Linakufa tarehe thelathini na moja. Nataka jipya."

"Kumbe la zamani hulijui kweli."

"Silijui."

"Sasa si ungeniwekea lolote tu, ukakaa zako Dodoma na nguo kavu?"

"Ningeweza. Lakini siku ukirudi, ungefika mlangoni kwako huna ufunguo."

Aliweka kijiti chini, akamtazama mkewe. Yasinta alikuwa amesimama mlangoni. Kisha Yotham akasema, "Bi Kuluthumu alituambia unatusoma wote kama magazeti." Akatikisa kichwa. "Pole sana, ndugu yangu. Umekaa humo na mzigo usio wako."

Nilitazama pembeni, nikajifanya nakamua suruali. Ni neno pole tu, watu wanalisema hata kwa mtu aliyejikwaa. Lakini nilikuwa sijaambiwa pole muda mrefu.

Neno alilochagua ni kijiji alikozaliwa mama yake, Ng'ong'ona. "Hata nikiweweseka kwa homa sitalisahau," akasema. Nikalirudia kwa sauti mara mbili, naye akanisahihisha akicheka, kwa sababu hewa ile ya katikati haitoki kwenye pua ya Mpare. Pale hatukuliandika. Akaniagiza niwape wenzake, waendelee.

Nilikula kwao ugali na mlenda. Nimerudi usiku nikiwa na matope hadi kifuani, na moyo mwepesi.

Jumatatu, 26 Januari

Nimemwekea Yotham neno lake asubuhi, bila yeye kuwapo, kinyume cha amri. Kisha nikamngoja Bi Kuluthumu penye bomba la maji, maana amefunga Ramadhani na saa ya kula hutoka akatawadhe.

"Shikamoo, mama. Neno jipya la Yotham ninalo. Amesema niwape."

"Marahaba." Aliendelea kuosha mikono. "Sisi hatuna haja na neno la mtu. Ulitufundisha mwenyewe ni siri."

"Mama, nimetoka kwake juzi. Nimevuka korongo."

"Sikatai. Lakini na taarifa kwa meneja uliiandika wewe, kwa mkono huohuo." Akanitazama, si kwa chuki. Ningependa ingekuwa chuki. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nina wajukuu wanne, Elisante. Leo nichukue neno kwako, kesho meneja aniulize nimelipata wapi."

"Sasa Yotham je?"

Alifunga bomba. "Usidhani sijamlilia," akasema.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Nimesikia takbira za msikitini tangu alfajiri. Nimekunywa chai na mkate.

Jumatatu, 2 Februari

Hakuna aliyeingia kwa Yotham wiki nzima iliyopita. Leo wenzangu walipokwenda kwa Mama Tabu, nilichukua bunda la fomu zilizosubiri, nikafunga mlango wa chumba cha mashine, nikaingia kwa jina lake.

Napiga kwa vidole viwili! Msimamizi wa mfumo, anayejua amri zote za mashine, na kupiga chapa hajui. Fomu moja imenichukua muda ambao Bi Kuluthumu angemaliza tano na kunywa chai. Lakini nimeanza. Shamba halilimwi kwa kulitazama.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepiga. Mvua.

Ijumaa, 6 Februari

Nimepiga. Kiuno.

Alhamisi, 12 Februari

Jambo la ajabu, saa ile ya mchana imekuwa saa yangu nzuri kuliko zote. Nimeanza kuwajua watu wa kwenye fomu. Kuna mjane wa Kwamtoro aliyevuna karanga kidogo akauza zote, na nina wasiwasi amebaki na nini. Kuna mzee wa Mpwapwa kila msimu anaandikisha mtama uleule, sijui kwa uaminifu au kwa uvivu. Nawasemesha. "Sasa wewe mama, alizeti umeiacha kwa nini?" Akija mtu akinisikia atasema mashine imeniharibu, na sitabishana naye.

Ijumaa, 20 Februari

Kila Ijumaa Bwana Batholomeo huandika ubaoni hesabu ya kila akaunti. Leo Zipora alisimama mbele ya ubao mdomo wazi. Ya Yotham imepanda.

Bwana Batholomeo alipotoka, walianza kuulizana kwa sauti za chini, na mimi nikiwa palepale nahangaika na waya uliolegea.

"Ni wewe, Bi Kuluthumu. Umetuficha."

"Wallahi si mimi. Ni wewe una mdomo mrefu."

"Mimi neno lenyewe nimelitoa wapi?"

Walitajana wote mpaka majina yakaisha. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Nilikaza ule waya, nikasema jamani kwaherini, nikaitikiwa kwa adabu.

Nimeumia. Sikutaka shukrani, na ningekataa kama ningeulizwa. Lakini nimekaa na watu hawa msimu mzima, na walipotafuta mtu wa kumdhania wema, mimi sikupita hata kichwani mwao.

Jumatatu, 2 Machi

Nimepiga.

Jumatano, 11 Machi

Zabibu za Hombolo zimeiva, mji mzima unazitembeza kwenye mabeseni. Nimemsikia Zipora akiwaambia wenzake kwamba plasta ya Yotham imetolewa na anatembea kwa magongo. Walipiga vigelegele, halafu wakanikumbuka wakaacha.

Alhamisi, 19 Machi

Nimelipiga bunda la mwisho. Hesabu ya Yotham imefika kwenye kiwango na kukipita kidogo tu, ili isionekane ya kujionyesha. Niliona haya jinsi nilivyofurahi peke yangu, nikazima taa nikakaa kwenye baridi ya kiyoyozi.

Ijumaa, 27 Machi

Nitaiandika siku hii yote, hata kama mkono utachoka.

Bwana Batholomeo alituita sote chumba cha makarani. Yotham alikuwa amekuja, kwa magongo yake, ametokwa jasho, shati limepigwa pasi. Wenzake walikuwa wamemzunguka kama bwana harusi.

"Mikataba nitasaini leo," Bwana Batholomeo akasema. "Lakini kwanza kila mtu aingie kwenye akaunti yake mbele yangu. Mwenye akaunti yake anajua neno lake. Nikiulizwa Aprili, niseme niliona kwa macho yangu."

Bi Kuluthumu aliingia. Zipora akaingia. Wengine wakaingia. Ikafika zamu ya Yotham. Aliegemeza magongo ukutani, akakaa, akaandika taratibu kwa uhakika wa mtu anayeandika jina la mama yake.

Mashine ilimkataa.

Akacheka kidogo, akasema vidole vimeota kutu. Akaandika tena, herufi moja moja, midomo ikitamka. Mashine ikamkataa tena.

Mara ya tatu ikikataa, itamfungia nje, na mtu asiyeweza kufungua akaunti yake hawezi kudai kazi iliyomo. Niliona Bi Kuluthumu ameshika mtandio kwa mikono miwili. Hakuna kati yao aliyelijua lile neno. Mimi nilikuwa nimelipiga kila mchana kwa wiki saba.

Ndipo nilipoelewa. Alinitajia neno kwa mdomo, hatukuliandika. Kijiji kile kila mtu anakiandika anavyojua, na nilikiandika kama nilivyokisikia na sikio langu la kigeni. Yeye alikuwa anakiandika kama walivyokiandika wazazi wake, kwa h nyingi na bila alama ya juu. Mashine haijui Kigogo wala Kipare. Inajua herufi tu.

Ningeweza kunyamaza. Nataka niliandike hili wazi. Nilifikiria kunyamaza, nikafikiria kodi yangu, nikafikiria kwamba watu hawa hawanidai kitu. Yotham akainua mikono kuandika mara ya tatu.

"Subiri," nikasema. "Iandike kama ng'ombe."

Wote waligeuka.

"Ile ng ya kwanza na ya pili, ziwekee alama ya juu, kama ng'ombe. Halafu toa h zote." Sauti yangu ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine. "Samahani, Yotham. Niliikosea nilipokuwekea."

Aliandika. Mashine ikamfungulia, na fomu zake zikajaa skrini.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Bwana Batholomeo alikuwa hamtazami tena Yotham.

"Neno lake ulimwekea wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Bila yeye kuwapo. Na unalijua tangu Januari."

"Ndiyo."

"Na nani mwingine aliingia humu?" Akauliza chumba kizima. Akangoja. Zipora alikuwa anatazama miguu yake. Bi Kuluthumu alikuwa anatazama ukuta. Yotham alifungua kinywa, nikamtikisia kichwa, akakifunga. Nami nilisimama pale nikisikia kiyoyozi kinavyounguruma chumba cha pili.

Ofisini kwake Bwana Batholomeo alifunga mlango, akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia kwake. Fomu alizikagua, zimepigwa sawasawa, hazina udanganyifu. Lakini kumbukumbu za mashine wafadhili watazisoma, na watataka jina moja. Kama kosa ni la karani, karani aondoke na kazi yake ifutwe. Kama ni la msimamizi aliyevunja kanuni ya maneno ya siri, basi ni uzembe wa msimamizi, na kazi ya karani inabaki.

"Chagua," akasema. "Mimi siwezi kukuchagulia, na usiku nitalala vibaya kwa vyovyote."

Nikamwambia aandike langu. Akaandika. Akataka kunipa mkono, nikampa.

Jumamosi, 28 Machi

Yotham amesaini. Mimi mkataba wangu umevunjwa. Narudi Dar es Salaam, na huko sijui kama kuna kiti.

Jumanne, 31 Machi

Wananisalimu. Hawajui waniambie nini zaidi ya hapo. Yotham alitaka kwenda kwa meneja kusema yote, nikamkatalia kwa ukali mpaka akaogopa.

Ijumaa, 3 Aprili

Siku ya mwisho. Nilikuwa nafunga akaunti yangu mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kuifanya mahali popote. Mashine inakuuliza kama una hakika. Zipora akatokea mlangoni.

"Kaka Elisante. Bi Kuluthumu anasema chakula kinapoa."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeliandaa jibu kwa miezi, la maneno machache na makali, na nilikuwa nalipenda. Nikanyanyuka nikamfuata.

Kwa Mama Tabu walikuwa wamenipa nafasi kwenye benchi, kati ya Yotham na ukuta. Sinia lilikuwa kubwa. Nilinawa, nikakata tonge, tukala. Walizungumza habari za mvua, bei ya alizeti na mbuzi wa jirani aliyekula mtandio wa Zipora. Waliendelea kuzungumza nami nikiwapo, na hakuna aliyepunguza sauti. Sikuwa na la kuchangia, lakini nilisikiliza kila neno.

Tulipokuwa karibu kumaliza, Bi Kuluthumu akaweka tonge chini.

"Siku ile alipouliza nani mwingine," akasema, "mimi ndiye niliyepaswa kusimama. Hawa wananitazama mimi. Nikahesabu wajukuu, nikakaa. Nimekukosea, mwanangu, hata kabla ya siku hiyo. Utanisamehe?"

Wote waliacha kula. Ilikuwa rahisi kusema nimesamehe, yamekwisha, ndivyo inavyosemwa, na kila mtu angepumua. Lakini nilikumbuka Krismasi, nikakumbuka lile bomba la maji, na sikuweza kumdanganya mtu mzima mbele ya chakula chake.

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado naumia."

Alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika wala hakulia. Akavuta bakuli la mlenda, akamimina uliobaki upande wangu wa sinia.

"Basi kula," akasema. "Kula huku unaumia. Tutakungoja."

Nikala. Treni ni kesho saa moja jioni. Wamesema watakuja wote stesheni, na mimi nimewaambia wasichelewe.